Turudishieni saa tatu za kwaya

Kwa: Baba Askofu, mlezi wa shule, Mwenyekiti na wajumbe wa Bodi, Mkuu wa Shule, na Mchungaji wa shule,
Dodoma.

YAH: KURUDISHWA KWA MUDA WA MAZOEZI YA KWAYA NA KUONDOLEWA KWA PLEBEKI (NYIMBO ZILIZOREKODIWA) KATIKA IBADA ZA SHULE

Shikamooni wazee wangu, na kwa wale wa nyumbani, mbukwenyi.

Tafadhali husikeni na kichwa cha habari hapo juu. Naandika barua ya wazi kwa sababu mbili nilizozifunga kwenye bahasha, moja Februari na nyingine Mei, zilipokelewa vizuri, zikagongwa muhuri, na hadi leo zimelala. Karani wa ofisi simlaumu. Shule sitaitaja jina. Waliosoma pale wataitambua kwa ile rimu ya lori iliyokuwa ikining'inia kwenye mkwaju mbele ya kanisa, na wasiosoma pale hawapungukiwi na kitu.

Mimi ni mhitimu wa mwaka 1994, sauti ya pili, safu ya mbele kushoto. Sasa ni mhasibu hapa mjini, na binti yangu yuko kidato cha tatu shuleni hapo hapo. Yuko kwenye kwaya. Nikisema yuko kwenye kwaya namaanisha amepewa joho.

Nianze na mahafali ya mwaka huu, maana wengi wenu mlikuwa meza kuu na mliona. Kwaya ilipanda jukwaani, watoto kama arobaini, majoho mapya ya zambarau yenye ukosi mweupe, wamependeza kweli. Pembeni spika mbili ndefu kama makabati. Wimbo ukaanza, sauti zikatoka safi mno, na gitaa la besi na ngoma za studio chini yake. Sisi wazazi chini ya maturubai tukapiga vigelegele. Ubeti wa pili haujafika nusu, umeme ukakatika. Midomo iliendelea kuchezacheza sekunde mbili tatu bila sauti, kisha ikafungwa mmoja mmoja. Watu walicheka, si kwa ubaya, lakini walicheka. Mshereheshaji akaziba pengo kwa kupaza sauti kwamba mwenye gari dogo jeupe ameziba geti. Jenereta likawa linatafutiwa dizeli. Watoto walisimama juani kama dakika kumi, mikono nyuma, halafu wakaambiwa washuke.

Jioni nilimwuliza binti yangu kwa nini hawakuendelea tu kuimba.

"Tuendeleeje, mama? Hatuujui."

Nikamwambia nimewaona na macho yangu wakifanya mazoezi ya wimbo ule.

"Tulikuwa tunafanya mazoezi ya kusimama na kugeuka. Mimi hata sauti ya pili sijui inapita wapi."

Hiyo ndiyo kauli iliyonifanya niandike tena. Mtoto wa kidato cha tatu katika kwaya ya shule ile hajui sauti ya pili inapita wapi.

Sauti ya kwanza mtu yeyote anaweza kuidaka. Ndiyo wimbo wenyewe, ndiyo anayoiimba mama akichambua mlenda. Sauti ya pili haidakwi hivyo. Peke yake haina utamu. Inazunguka kwenye noti tatu nne kama mbuzi aliyefungwa kamba, na ukiiimba nyumbani watu wanakuuliza huo ni wimbo gani. Inaanza kueleweka siku unapowekwa katikati ya watu wawili wanaoijua, ukaimba huku sauti ya kwanza inakuvuta juu na wewe unakataa kwenda. Mimi niliwekwa hivyo mwaka 1991, kidato cha kwanza, kati ya dada wa kidato cha tatu na dada wa kidato cha nne. Miezi miwili niliimba kwa kunong'ona. Yule wa kidato cha nne alikuwa na desturi ya kunigusa kwa kiwiko kila nilipoteleza kwenda sauti ya kwanza. Hasemi neno, kiwiko tu. Mwaka 1994 mwenye kiwiko nilikuwa mimi, na aliyekuwa kulia kwangu alikuwa mtoto kutoka Mpwapwa aliyelia juma la kwanza akitaka kurudi kwao.

Sasa mkatoa waraka kwamba kidato cha pili na cha nne wasiimbe kwa sababu wana mitihani ya taifa. Kwenye karatasi inaonekana mmepunguza watu. Mlichofanya ni kuwaondoa wenye viwiko. Mtoto anaingia kidato cha kwanza, hajakaa sawa, anafika kidato cha pili anatolewa nje mwaka mzima. Akirudi kidato cha tatu hakuti mtu wa kidato cha nne wa kumsimamia. Anayekuja nyuma yake anawekwa kati ya wawili wanaobahatisha. Kwa wavulana ni mbaya zaidi, maana sauti zao huwa nzito miaka ile ile ya kidato cha pili na cha tatu, na besi inayoweza kubeba wimbo utaipata kidato cha nne. Mkiitoa hiyo mnabaki na watoto wa miaka kumi na minne wanaojikaza koo mpaka mishipa inatoka. Kwaya ikakosa besi, ikakosa sauti ya pili, ikasikika vibaya Jumapili mbili tatu, na mtu mwenye nia njema akashauri zinunuliwe spika. Sioni ajabu. Ningekuwa sijui chanzo, huenda ningeshauri hivyo hivyo.

Halafu ule muda wenyewe. Jumanne na Alhamisi, saa 10 jioni hadi saa 11:30, tangu kabla yangu ilikuwa ni kwaya. Miaka miwili iliyopita muda huo ukapewa masomo ya ziada kwa shule nzima. Kwa mhasibu hesabu ni rahisi: ni saa tatu kwa juma, na juma lina saa 168. Mwenyekiti alituambia kwenye kikao cha wazazi kwamba tutayaona matunda kwenye matokeo. Matokeo ya kila shule Baraza la Mitihani huyatangaza hadharani, nami nimeyafungua ya kabla na ya baada, nikayaweka sambamba kama ninavyoweka vitabu vya mteja. Sikuona tofauti ya kumfanya mtu aimbe, hata kama angeruhusiwa.

Na hili la kwamba kwaya ni mchezo wa kupoteza muda, nawaomba mlifikirie Jumatatu ijayo kwenye paredi. Wimbo wa taifa mnaoimbisha pale, Mungu Ibariki Afrika, asili yake ni wimbo uliotungwa mwaka 1897 na Enoch Sontonga, mwalimu wa shule ya misheni ya Wamethodisti karibu na Johannesburg, ambaye pia aliongoza kwaya. Alikuwa mwalimu wa shule akitunga kitu cha kuimbwa na wanafunzi wake.

Mwalimu wetu wa kwaya naye alikuwa mwalimu wa kawaida, wa Jiografia. Sasa ni marehemu. Kinanda hakuwa nacho, alikuwa na chaki. Aliandika nota za solfa ubaoni, d r m f s l t, na nukta za kugawa mapigo, mpango ambao John Curwen aliueneza Uingereza karne ya 19 ili watu wa kawaida na watoto wa shule wasome muziki bila kununua chombo. Wamisionari wakauleta huku, ukatufaa kwa sababu ile ile: chombo hatukuwa nacho. Nyimbo tulizinakili kwa mkono kwenye kaunta buku, na kulikuwa na kaunta buku tatu za kwaya yenyewe, majalada ya bluu, zilizoanza kuandikwa miaka ya 1970 na watu ambao hatukuwahi kuwaona. Pembeni ya ukurasa utakuta maneno kama "polepole hapa" au "tena, msikimbie". Zilikaa kwenye kabati la chumba cha kuvalia majoho. Kabati lile nimeambiwa limetolewa kupisha mitambo ya spika. Nauliza kwa unyenyekevu: zile kaunta buku ziko wapi?

Na ile rimu. Mwalimu aligundua kwamba ikigongwa ubavuni kwa nondo inalia noti ya so ya nyimbo zetu nyingi, na ikigongwa ukingoni inapanda juu kidogo. Basi kiranja wa kengele alipewa amri ya kugonga ubavuni, na akikosea anaitwa. Kengele ya kutuitia ibada ikawa ndiyo inayotupa sauti. Tulikuwa tunaishika tukiwa bado tunafunga vifungo bwenini, tunaingia kanisani tayari tunayo. Siku hizi kuna king'ora cha umeme, kama cha kiwandani. Jamani, kile hata mwenye sikio zuri vipi hapati noti ndani yake.

Sala ya asubuhi ilikuwa saa 12:30, dakika ishirini: wimbo mmoja, zaburi, somo, maombi, matangazo. Mwezi wa Juni na wa Julai, baridi ya Dodoma asubuhi mnaijua, tuliimba moshi ukitoka mdomoni, na nusu yetu tulikuwa tumelala kwa macho wazi. Jumapili saa 12 jioni ndiyo sala niliyoipenda, ile yenye wimbo wa Mariamu na wimbo wa Simeoni, mpangilio uliowekwa Uingereza mwaka 1549 na bado unamtosha mtoto wa Bahi. Na msimu wa mvua, ikija ile mvua yetu ya mara chache yenye hasira, juu ya bati husikii kitu. Mhubiri ananyamaza, anakaa. Mwalimu anasimama, ananyosha mkono, sisi tunaimba hatusikii hata wenyewe, kila mtu anaangalia midomo ya jirani na mkono wa mwalimu. Mvua ikikatika ghafla tunajikuta tuko pamoja, au tumeachana vibaya sana, na kanisa zima linacheka. Mara nyingi tulikuwa pamoja. Tumeimba gizani, tumeimba nyuma ya lori tukienda Mpwapwa kwenye kongamano la Pasaka la UKWATA, umoja wa wanafunzi Wakristo, vumbi mdomoni. Ndiyo maana siku ile chini ya turubai nilisubiri watoto waendelee. Sikufikiri kabisa kwamba hawataendelea.

Sisemi zamani ilikuwa peponi. Aliyechelewa ibada alichapwa, tena mlangoni mwa kanisa, jambo ambalo hata tukiwa watoto tuliliona halikai sawa. Wenzetu Waislamu walilazimishwa kukaa viti vya nyuma na kunyamaza. Mlipoacha hayo, mkawapa chumba chao na muda wao wa Ijumaa, mlifanya haki ambayo ibara ya 19 ya Katiba ilikuwa imeshaisema, nami nilisimama kikaoni nikawaunga mkono. Ila mjue kwamba mmoja wa wenzetu hao, binti wa Kondoa, ndiye aliyekuwa na sikio kutushinda sote. Jumapili haji, na hakuna aliyemwuliza. Jumanne na Alhamisi anakuja mwenyewe, anakaa karibu na mlango, na tukibishana noti tunamgeukia yeye. Alikuja kwa kuwa kulikuwa na kitu cha kujifunza.

Nije kwenye ibada ya masomo tisa, hili linaniuma kivyake. Juma la mwisho kabla ya kufunga shule tulikuwa nayo kila mwaka: masomo tisa ya Biblia, kati yake nyimbo, msomaji wa kwanza mwanafunzi mdogo, wa mwisho mkubwa wa mahali. Mmeifuta, mkaweka tamasha la kusifu na mgeni mwenye bendi. Mjumbe mmoja alinieleza kwamba ibada ya sauti tupu haina hadhi ya kuonyesha wafadhili. Ibada hiyo, mzee wangu, ilianzia Truro, kusini magharibi mwa Uingereza, mkesha wa Krismasi mwaka 1880, ndani ya jengo la mbao la muda, kwa kuwa kanisa kuu lilikuwa bado linajengwa. Inasimuliwa kwamba askofu alitaka kuwatoa watu vilabuni usiku ule. Mwaka 1918, vita kuu ya kwanza ikiwa imeisha tu, King's College ya Cambridge wakaichukua, na kutoka pale ikaenea. Mpaka leo pale King's mtoto mmoja huanza ubeti wa kwanza peke yake, bila kinanda, na haambiwi mapema kuwa ni yeye. Mwalimu wetu aliyasikia hayo redioni akayachukua. Tunasimama nje mlangoni, wanaojua ubeti ule ni watano au sita, na dakika ya mwisho ananyosha kidole. Mwaka 1992 kidole kilinijia mimi. Sikumbuki nilivyoimba. Nakumbuka mchanga wa pale mlangoni, kwa sababu ndiko nilikokuwa naangalia.

Mwaka uliofuata alifanya jambo kubwa zaidi. Kigogo kilikuwa hakiimbwi kanisani mle. Kiswahili na Kiingereza tu, hayo mengine mkaimbe kwenu. Yeye akaingiza wimbo mmoja wa Kigogo baada ya somo la sita, na wasichana wawili wakapiga muheme wameibana ngoma mapajani kama wanavyopiga mama zetu. Mzee mmoja wa Bodi ya wakati ule alikunja uso mpaka baraka ya mwisho. Mwaka wangu wa kuhitimu ni yeye huyo aliyeulizia kwenye ratiba kama ule wimbo upo.

Nalisema hili kwa sababu plebeki mnayoitumia imerekodiwa studio ya Dar es Salaam, na nimesikia ikisifiwa kwa hilo. Tuko Ugogo, wazee wangu. Hapa watu waliimba kwa sauti zinazoachana, nne na tano, kiongozi anarusha na wengine wanapokea, kabla mmisionari hajaweka kituo Mpwapwa mwaka 1876. Hukwe Zawose alitoka na zeze na ilimba za huku, ile ala ya vyuma vinavyopigwa kwa vidole gumba, akafundisha Chuo cha Sanaa Bagamoyo, akasikilizwa Ulaya, na alipofariki mwaka 2003 dunia ilijua Mgogo ni nani. Chamwino kuna tamasha la muziki wa Kigogo ambalo wageni hupanda ndege kulifuata. Watoto wenu wa kidato cha kwanza, wale wanaotoka Mvumi na Bahi na Manyoni, wengine wanakuja wakiwa tayari wameimba sauti mbili tangu wakichunga. Wanafika, wanavalishwa joho, wanafundishwa kufumba na kufumbua mdomo.

Ninachoomba hakina gharama, nami bajeti ya shule naijua kwa kuwa mmetugawia wazazi. Jumanne na Alhamisi, saa 10 hadi 11:30, zirudi kwa kwaya kuanzia muhula ujao. Masomo ya ziada kwa wanakwaya yanaweza kuwa Jumamosi asubuhi. Wazazi wenzangu kumi na tisa wenye watoto kwenye kwaya wamekubali kwa maandishi na karatasi ninayo. Kidato cha nne waruhusiwe kuimba angalau hadi mwisho wa Agosti, na kidato cha pili wasitolewe kabisa. Spika zibaki, zitumike kwa mahubiri na matangazo, ila kanda isipigwe kwaya ikiwa imesimama mbele ya watu. Waimbe vibaya kama ni vibaya. Mwaka wa kwanza itakuwa vibaya, nawaambia mapema ili mtu asije akasema hatukuonywa.

Masomo tisa yarudi Novemba hii hata kama zitakuwa nyimbo nne tu za sauti moja.

Walimu mtasema hamna mtu wa kufundisha. Mimi nitakuja Alhamisi, mwajiri wangu ameniruhusu kutoka mapema, na sidai nauli. Nimezungumza na mwenzangu wa mwaka 1993, besi, fundi magari pale Majengo. Yeye atakuja Jumanne, ila ameomba asivae tai. Tunachohitaji ni ubao, chaki, funguo za kanisa, na zile kaunta buku tatu kama bado zipo. Na kama ile rimu haijauzwa chuma chakavu, nayo tungeiomba.

Nitafika ofisini Jumatatu saa 3 asubuhi kufuata jibu, hata la mdomo.

Wenu mtiifu,
Mhitimu wa 1994, sauti ya pili. Mzazi, kidato cha tatu.

Nakala: Matroni wa bweni la wasichana, kwa taarifa. Binti yangu hakuniomba niandike barua hii, na alinisihi nisiandike. Naomba asiulizwe chochote.